Nyota Badilifu za Kutazama Ukiwa Mombasa: Ipi Itakufaa?

Orodha nyingi za nyota badilifu, yaani nyota ambazo mwangaza wake huongezeka na kupungua, zinazopendekezwa kwa wanaoanza ziliandikwa na watu wanaoishi mbali kaskazini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo Delta Cephei haikosi kuwa miongoni mwa za kwanza kutajwa. Kwa aliye London au Chicago nyota hiyo haizami kamwe, naye huweza kuitafuta usiku wowote ulio wazi. Kwa aliye Mombasa, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, nyota hiyohiyo haipandi zaidi ya nyuzi 28 juu ya upeo wa kaskazini hata inapofika kilele cha safari yake, na miezi yake mizuri ya jioni, Oktoba hadi Desemba, ndiyo miezi ya mvua za vuli. Nyota yenyewe haina kosa. Sisi ndio tuko mahali pengine. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Mombasa mwenye macho yake, na pengine darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50, anayetaka kuchagua nyota mbili au tatu azifuatilie kwa dhati badala ya kuzionja ishirini na kuziacha.

Mambo matatu ndiyo ya kupimwa. La kwanza ni kimo, kwa sababu nyota iliyo chini mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi, na hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi huula mwanga huo bila huruma. La pili ni msimu. Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma na mvua ni haba, ndipo anga letu linapotegemeka zaidi. Masika, ambayo hukithiri mwezi wa Mei, huweza kukunyima nyota wiki mbili mfululizo. Na kusi ya Julai hadi Septemba huleta mawingu ya kupitapita yanayoacha mianya ya dakika kumi au robo saa, nayo robo saa yatosha kabisa kwa kazi hii. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni mwendo wa nyota ukilinganishwa na mwendo wa maisha yako: nyota inayobadilika kwa saa chache haikungoji utoke kazini, ilhali inayobadilika kwa miezi hukusamehe hata ukiikosa siku kumi.

Kwa asiyezoea, mwangaza wa nyota hupimwa kwa magnitudo, na namba ikiwa ndogo nyota huwa angavu zaidi. Mahali penye giza la kweli jicho hufika magnitudo ya 6 hivi. Juu ya paa la nyumba ya Mji wa Kale, taa za barabarani zikiwa zinawaka, hata nyota za magnitudo ya 4 huanza kuponyoka.

Liko na suala la upande wa kivuko. Anayeishi Likoni au kusini zaidi, kuelekea Diani, ana mwanga wa kisiwa na wa bandari ya Kilindini upande wake wa kaskazini, na kusini kwake ni giza. Anayeishi Bamburi au Shanzu mambo yake ni kinyume. Kwa hiyo nyota za kundinyota la Mkuku (Carina), ambalo Suheli ndiyo angavu yake kuu, zinamfaa zaidi mtu wa Likoni, na Algol, nyota ya upande wa kaskazini tutakayoifikia hapa chini, inamfaa zaidi mtu wa Bamburi. Wa kisiwani hana budi kupendelea nyota zinazopita utosini.

Sefeidi tatu: Delta Cephei, Eta Aquilae na l Carinae

Sefeidi ni nyota kubwa mno zinazotanuka na kusinyaa kwa kipimo kisichoyumba, na Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba kadiri mzunguko wa sefeidi unavyokuwa mrefu ndivyo nyota yenyewe inavyokuwa na nuru nyingi zaidi, jambo lililowapa wanafalaki kipimo cha umbali. Kwa mtazamaji anayeanza faida yao ni nyingine: unajua mapema kwamba nyota itabadilika, kwa hiyo unaweza kujipima mwenyewe kama jicho lako linafanya kazi vizuri.

Kwa kiasi cha mabadiliko hizi tatu hazipishani. Delta Cephei huenda kati ya magnitudo 3.5 na 4.4 kwa siku 5.37, Eta Aquilae huenda kati ya 3.5 na 4.4 vilevile, kwa siku 7.18, na l Carinae, inayoandikwa kwa herufi ndogo ya l, huenda kati ya 3.3 na 4.2 kwa siku 35.5. Uchaguzi basi unaamuliwa na kimo na mwendo, na hapo Eta Aquilae inaiacha Delta Cephei mbali sana. Iko katika kundinyota la Tai, kusini ya nyota angavu Altair, na kwetu hupanda hadi nyuzi 85, karibu kabisa na utosi. Mwishoni mwa Septemba iko juu ya kichwa saa mbili usiku. Edward Pigott aliigundua kuwa badilifu huko York, Uingereza, Septemba 1784, wiki chache kabla ya rafiki yake John Goodricke kuigundua Delta Cephei, hivi kwamba kama haki ya kutangulia ingefuatwa, kundi zima lisingechukua jina la Cepheus.

Namna ya kuipima ni hii. Delta Aquilae ina magnitudo ya 3.4, Beta Aquilae 3.7 na Iota Aquilae 4.4, na zote ziko karibu na Eta. Siku ambayo Eta inakaribia kulingana na Delta, iko kileleni. Siku ambayo huwezi kuitofautisha na Iota, imefika chini. Siku za katikati unajiuliza: kutoka Beta hadi Iota, Eta imeteremka sehemu gani ya njia? Ikiwa imeteremka kama theluthi, basi ni 3.7 ukiongeza theluthi ya 0.7, yaani 3.9. Unaandika 3.9 pamoja na saa, na kazi ya usiku huo imekwisha.

Lakini ina mtego ambao ulininasa mimi mwenyewe. Nilipoanza nilikuwa na nafasi usiku wa Ijumaa tu, na kwa majuma matano niliandika takriban magnitudo ileile hadi nikaanza kuyashuku macho yangu. Macho yalikuwa salama. Mzunguko wa siku 7.18 unaizidi wiki kwa saa nne na ushee tu, kwa hiyo anayeitazama mara moja kwa wiki huikuta karibu palepale alipoiacha. Mwenye usiku mmoja tu kwa wiki asiichague. Afadhali hata Delta Cephei, ambayo kwa kila wiki husogea kiasi cha theluthi moja ya mzunguko, au bora zaidi l Carinae, ambayo hukupa vituo vitano katika mzunguko mmoja bila kukulazimu kutoka nje kila siku. Mwenye nafasi usiku tatu au nne kwa wiki achukue Eta bila kusita.

l Carinae haipandi sana, nyuzi 31 hivi upande wa kusini, na Aprili ndipo inapofika kimo hicho mwanzoni mwa usiku, mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Hata hivyo Februari, ikifika saa nne usiku, huwa imeshapanda zaidi ya nyuzi 20 juu ya upeo wa kusini-mashariki, kwa hiyo mtu wa Likoni anayevumilia kukesha kidogo huipata katika kipindi chetu kizuri kuliko vyote.

Algol na Beta Lyrae: nyota zinazopatwa

Hizi hazibadiliki zenyewe kwa maana ya kutanuka na kusinyaa. Ni nyota mbili zinazozungukana, na moja inapopita mbele ya nyingine, mwanga tunaoupokea hupungua, kama kupatwa kwa jua. Algol, ambayo jina lake lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kichwa cha zimwi, hukaa kwenye magnitudo ya 2.1 kwa zaidi ya siku mbili, kisha huporomoka hadi 3.4 na kurudi, yote hayo kwa saa kumi hivi. Goodricke, kijana aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, alitoa maelezo ya mwendo wake mwaka 1783 akiwa hajatimiza miaka 19, na akafariki akiwa na miaka 21.

Sijaona nyota inayomshangaza mgeni kama hii. Mwanzoni mwa Januari iko kileleni saa mbili usiku, nyuzi 45 upande wa kaskazini, anga likiwa kavu. Ikiwa katika hali yake ya kawaida inalingana na Almach ya kundinyota la Andromeda. Ikifika chini kabisa inalingana na Alpha Trianguli iliyo jirani. Ukitoka nje saa mbili ukaiona inalingana na Almach, ukarudi baada ya chakula na mazungumzo saa tano na kuikuta imezidiwa waziwazi, hutahitaji mtu kukushawishi tena. Jihadhari tu na Rho Persei iliyo pembeni yake, kwa kuwa nayo ni badilifu na haifai kuwa kipimo.

Ugumu wake ni ratiba. Mzunguko ni siku 2, saa 20 na dakika 49, kwa hiyo kupatwa kunakofuata huja baada ya siku tatu kasoro saa tatu na dakika kumi na moja. Ikiwa leo Algol imefika chini saa kumi alfajiri, baada ya siku tatu itafika karibu saa saba kasoro dakika kumi usiku, na baada ya tatu nyingine karibu saa nne kasoro dakika ishirini usiku, ambayo ndiyo saa ya watu. Kupatwa kunakofuata huangukia magharibi, jua likikaribia kuzama, na hukupotea. Mfululizo wenyewe hurudi kila baada ya siku 20, ukiwa umechelewa kwa saa moja na dakika arobaini hivi. Kwa hesabu hiyo Januari na Februari hukupa nafasi chache tu, na wingu moja laweza kuharibu mojawapo.

Beta Lyrae, katika kundinyota la Kinubi, haina pupa hiyo. Nyota zake mbili zimekaribiana mno hadi zimevutana na kuvimba, na moja humimina gesi juu ya mwenziwe, kwa hiyo mwanga hubadilika muda wote badala ya kungoja saa ya kupatwa: kutoka 3.3 hadi 4.4 kwa siku 12.94. Jirani yake Gamma Lyrae, yenye magnitudo ya 3.2, ni kipimo kilichowekwa hasa kwa ajili yake. Siku nyingine zinafanana kama pacha, siku nyingine Beta imefifia hadi mtoto anaona. Hupanda nyuzi 53 upande wa kaskazini na jioni zake ni Julai hadi Oktoba, wakati wa mawingu ya kusi. Kwa ratiba ya mtu anayefanya kazi ningemchagulia Beta Lyrae. Kwa furaha, Algol.

Nyota za miezi mingi: Mira, R Carinae na R Leonis

Hapa ndipo Mombasa inapokuwa mahali pa kuonewa wivu. Mira, katika kundinyota la Nyangumi, hupita nyuzi 89 juu, yaani utosini hasa. Ni nyota nyekundu kubwa inayopumua kwa siku 332 hivi, ikitoka magnitudo ya 9 au zaidi, ambayo inahitaji darubini, hadi 3 na mara nyingine 2, ambayo huonekana kwa macho matupu. David Fabricius aliiona mwaka 1596. Kilele cha kila mara hakilingani na kilichotangulia, na hiyo ndiyo sababu vipimo vya watu wa kawaida vina thamani: hakuna anayejua kwa hakika itafika wapi safari hii.

Kwa kuwa mzunguko wake umepungukiwa na mwaka kwa siku 33 hivi, kilele huja mapema kwa mwezi mmoja na zaidi kidogo kila mwaka, na ipo miaka ambayo huangukia Aprili na Mei, Mira ikiwa imefichwa na jua. Watazamaji wa nchi nyingine husikitikia miezi hiyo. Kwetu ni masika. Hata jua lisingeificha, mawingu yangeificha, kwa hiyo nyota hii hutupotea wakati uleule ambao tusingeiona hata hivyo, na hurudi alfajiri za Julai, kabla ya jua kuchomoza.

R Carinae, siku 307, hufika 3.9 ikiwa juu na 10.5 ikiwa chini. R Leonis, siku 310, huenda kati ya 4.4 na 11.3 na ni rahisi kuipata kwa sababu iko karibu na Regulus, nyota kuu ya Asadi. Ni nyota nzuri, lakini jioni zake bora ni Machi hadi Mei. Ningezichukua baada ya Mira, si badala yake. Mtu wa Likoni mwenye darubini yenye mguu anaweza kubishana nami kuhusu R Carinae, na huenda akawa na haki.

Betelgeuse au R Scuti?

Betelgeuse huwavutia wengi tangu ilipofifia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020, ilipoteremka kutoka magnitudo ya 0.5 hivi hadi 1.6 na kulingana na Bellatrix, jirani yake katika Orion. Ilikuwa imetema gesi iliyopoa ikawa vumbi na kuuziba mwanga wake. Inaonekana hata katikati ya mji, na Februari iko juu mwanzoni mwa usiku. Lakini urahisi wa kuiona usikudanganye kwamba ni rahisi kuipima. Nyota za kulinganishia, Procyon ya 0.4, Aldebaran ya 0.9 na Pollux ya 1.1, zimetawanyika mbali na hukaa kwenye vimo tofauti. Tena wekundu wake hudanganya, kwa kuwa ukiikazia macho nyota nyekundu huzidi kung'aa machoni. Dawa ni kutupia jicho mara moja na kuliondoa. Kosa la 0.3 ni la kawaida, na miaka mingi mabadiliko yake ya msimu mzima hayapiti kiasi hicho sana.

R Scuti haina umaarufu wowote mtaani. Iko katika kundinyota dogo la Ngao, karibu na kishada cha nyota kiitwacho M11, na kwetu hupita nyuzi 88 juu, ikiwa kileleni saa mbili usiku mwanzoni mwa Septemba. Huchukua siku 146 hivi kutoka bonde moja refu, yaani kufifia kwingi, hadi jingine, na katikati yake kuna bonde fupi, yaani kufifia kidogo. Ila mara kwa mara mpangilio huo huvurugika, na bonde ambalo ungetarajia liishie magnitudo ya 6 huzama hadi 8. Darubini ya macho mawili huifuata karibu safari yote. Kipimo kimoja kila siku tano hadi saba kinatosha, na mianya ya mawingu ya kusi inatosha. Kama ningelazimishwa kumpa mtu wa Mombasa nyota moja tu ya darubini ndogo, ningempa hii.

Nyota za kungojea

R Coronae Borealis na T Coronae Borealis ziko katika Taji la Kaskazini, nazo ni kinyume cha kila mmoja. Ya kwanza hukaa karibu na magnitudo ya 6 kwa miezi au miaka, kisha hujifunika wingu la masizi ya kaboni na kuzama, pengine hadi 14. Ya pili hukaa karibu na 10, haionekani kwa vifaa vyetu, na ililipuka mwaka 1866 na 1946 hadi ikaonekana kwa macho. Tangu 2024 wengi wamekuwa wakiitazamia ilipuke tena. T haihitaji kuchaguliwa. Kuanzia Mei hadi Septemba, ukiwa nje kwa kazi nyingine, tupia jicho Taji: ukikuta nyota ya pili angavu ambapo siku zote unaijua Alphecca peke yake, umepata habari. R ni ya mtu mwenye subira, kwa kuwa itakubidi uandike 6.0 mara mia kabla ya kuandika jambo jingine. Nyota kama SS Cygni, ambazo zinahitaji darubini kubwa zisipokuwa zimelipuka, naziacha kando.

Kuhusu chati na saa

Chati za kulinganishia hutolewa bure na AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota badilifu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, nacho hupokea vipimo kutoka popote duniani. Magnitudo huandikwa humo bila nukta, 43 badala ya 4.3, ili nukta isidhaniwe kuwa nyota. Chagua nyota mbili za kulinganishia zilizo kwenye kimo kinachokaribiana na cha nyota yako, hasa unapotazama Mkuku. Na darubini usiifungie kabatini wakati wa masika. Yangu iliota kuvu ndani ya lenzi kwa miezi mitatu tu.

Vipimo huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, na Mswahili hana budi kugeuza mara mbili: saa tatu usiku ni 21:00, na 21:00 ni 18:00. Hadi saa tisa usiku tarehe ya dunia huwa bado ni ya jana, kwa hiyo kipimo cha saa nane usiku wa kuamkia tarehe 11 kinaandikwa 23:00, tarehe 10. Anayetumia siku ya Julian, hesabu ya wanafalaki inayozipa siku namba mfululizo, ana nafuu, kwa sababu siku hiyo huanza saa sita mchana ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri, na usiku wetu wote, kuanzia magharibi hadi alfajiri, hubaki ndani ya namba moja.